Mtoto Aliyehama Timu

 

Leo nataka tumzungumzie mtoto aliyehama timu. Simsemi mchezaji mkubwa anayepigwa picha ameshika jezi mpya, wakala wake pembeni na mkataba mezani. Namsema mtoto wa miaka 12, 13 au 14 aliyekuwa akicheza timu ya mtaani kwao, akachukuliwa na akademi ya upande wa pili wa mji, na sasa, miezi miwili mitatu baadaye, analala na donge moyoni. Anatamani angebaki. Kurudi anaona aibu. Nyumbani hakuna anayemuuliza, maana wote wanaamini kapata bahati.

Hapa kwetu Tanzania mambo haya hushika kasi Januari. Shule zinafunguliwa, akademi zinatangaza majaribio, na kuna mtu anakuja kumnong'oneza mzazi pembeni ya uwanja: "Huyu mtoto ana kitu, hapa mnamchelewesha." Kauli hiyo ina nguvu sana. Mzazi gani anataka kumchelewesha mwanawe? Ada inatafutwa, daluga zinanunuliwa, na kabla mwezi haujaisha mtoto wa Mbagala anapanda daladala mbili kwenda mazoezini, yeye aliyezoea kuvuka barabara moja ya vumbi na kufika.

Tumtazame vizuri. Kule alikotoka alikuwa namba kumi, mipira yote inapitia kwake, na ana jina la utani ambalo hata muuza mihogo analijua. Huku alikokwenda kuna namba kumi wengine watano, na watatu kati yao wamekuwa na kocha huyu tangu wana miaka tisa. Kocha hajashika jina lake bado, anamwita "wewe wa bukta nyekundu." Mechi ya kwanza anasugua benchi, na ya pili hivyohivyo. Ya tatu anaingizwa dakika za mwisho, tena pembeni, nafasi ambayo hajawahi kuicheza, anapoteza mpira mara mbili na kulaumiwa mbele ya wenzake.

Hayo ya uwanjani anaweza kuyavumilia. Watoto wanajua kuvumilia benchi kuliko tunavyodhani. Kinachomuumiza kiko nje ya uwanja. Kule mtaani mpira ulikuwa nusu tu ya jambo. Nusu nyingine ilikuwa kuitana nyumba kwa nyumba saa kumi jioni, kuchangishana mia mbili mbili za maji, kugombea nani abebe mpira, kisha kurudi giza likiingia huku mechi inasimuliwa upya na bao moja linageuka matatu. Akademi ina nyasi, ina koni, ina makocha wawili wenye filimbi. Mazoezi yakiisha, kila mtoto anashika njia ya kwao.

Siku akipata nafasi anakwenda kuitazama timu yake ya zamani ikicheza. Anasimama nyuma ya goli. Mwenzake mmoja anamwona na kupaza sauti: "Msaliti huyo!" Watu wazima waliokaa kwenye matofali wanacheka. Kwao ni utani wa mpira. Yeye hautafuni wala haumezi.

Akinung'unika nyumbani anajibiwa kwamba majuto ni mjukuu. Mimi hapo siafiki kabisa. Methali hiyo ni ya mtu aliyeamua mwenyewe, akaonywa, akakaidi. Mtoto huyu hakukaidi. Alitii. Baba alisema twende, mjomba mwenye gari akasema nitampeleka, kocha mgeni akasema nafasi ndiyo hii, naye akavaa viatu akafuata. Ninachokisema jioni hii ni hiki: katika michezo ya watoto uamuzi hufanywa na wakubwa, lakini majuto yake tunamwachia mtoto ayabebe peke yake, usiku, akiamini kwamba ni yeye aliyewatupa rafiki zake.

Neno hilo "msaliti" hawakulitunga watoto. Wamelisikia kwetu. Tumelelewa ndani ya Simba na Yanga, na katika nchi hii kuna nyumba ambazo rangi ya pazia inaweza kuzua mjadala. Lakini hebu tukumbuke historia yenyewe. Young Africans, yaani Yanga, ilianzishwa 1935. Mwaka uliofuata, 1936, kundi likajitenga nayo na kuanzisha klabu ambayo leo tunaiita Simba. Yaani utani wa jadi tunaoupenda ulizaliwa na watu waliohama timu. Na wakubwa wameendelea kuhama mbele ya macho yetu. Emmanuel Okwi, Mganda aliyependwa sana Msimbazi kwa Simba, alisajiliwa Yanga mwishoni mwa 2013, na 2014 alikuwa amerudi Simba, akashangiliwa. Haruna Niyonzima aliitumikia Yanga miaka sita, akavuka kwenda Simba 2017, akapita AS Kigali ya kwao Rwanda, kisha akapokelewa tena Jangwani kwa Yanga. Clatous Chama mwaka 2024 alitoka Simba akavaa kijani na njano ya Yanga. Watu walilia, wengine walimchoma kwa maneno, lakini ligi ikaendelea. Mtu mzima mwenye mkataba, mshahara na wakili tunamsamehe ndani ya msimu mmoja. Mtoto wa darasa la saba anayerudi mtaani kununua chumvi tunamkumbusha kila jioni. Hilo linanisikitisha.

Sasa kuhusu majuto yenyewe, kuna jambo ambalo wazazi wakilijua litawasaidia. Mwaka 1982 wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliwaeleza watu kisa cha wanaume wawili wenye hisa. Mmoja alikuwa na hisa za kampuni fulani, akafikiria kuzibadilisha, akaacha. Baadaye akagundua kwamba angebadilisha angepata dola 1,200 zaidi. Wa pili alikuwa na hisa za ile kampuni nzuri, akazibadilisha akachukua za nyingine, naye akagundua kwamba asingebadilisha angekuwa na dola 1,200 zaidi. Hasara ni ileile. Watu wakaulizwa nani anajuta zaidi, na asilimia 92 wakasema ni yule aliyebadilisha.

Hamisha kisa hicho uwanjani. Watoto wawili wanakaa benchi. Mmoja amekaa benchi la timu yake ya siku zote, mwingine amekaa benchi la timu aliyohamia. Benchi ni lilelile, na jua linawapiga sawa. Lakini huyu wa pili kila akikaa anaiona ile mechi nyingine kichwani, mechi ambayo angekuwa anacheza sasa hivi kama asingeondoka, na katika mechi hiyo ya kufikirika hakosei hata pasi moja. Kwa hiyo mtoto wako akisema "ningebaki ningekuwa nahodha," usikimbilie kumwambia amekosea, wala usikimbilie kuamini kwamba amepatia. Uchungu wa mtu aliyehama huwa mkali kuliko hasara yenyewe. Ukali wake haujathibitisha bado kwamba uhamisho ulikuwa mbaya.

Kuna utafiti mwingine uliokuja 2002, wa Marcel Zeelenberg na wenzake wa Uholanzi, na huu ulihusu makocha wa mpira. Waliwapa watu kisa hiki: makocha wawili wamefungwa mechi iliyopita. Mmoja anabadilisha kikosi, mwingine anakiacha kama kilivyokuwa. Wote wanafungwa tena. Nani anajuta zaidi? Safari hii watu wengi wakasema ni yule ambaye hakubadilisha. Kwa nini? Kwa sababu kipigo cha kwanza kilikuwa kimempa sababu ya kubadilisha, naye akakaa kimya.

Mimi katika hilo naliona swali ambalo kila mzazi angejiuliza kabla ya kumhamisha mtoto, na ambalo hata baada ya kumhamisha bado lina kazi: kule alikotoka kulikuwa na kasoro gani? Kama alikuwa anatukanwa, au anacheza na vijana wa miaka 18 wanaomvunja miguu, au kocha hafiki mazoezini wiki nzima, basi mkumbushe hayo kwa upole, kwa sababu sababu ya kuhama humpa mtu pa kushika siku anapoyumba. Lakini kama kule alikuwa na furaha, anacheza, anakua, na aliondolewa tu kwa kuwa jirani kampeleka mwanawe akademi, mtoto huyo hana pa kushika. Akiuliza "tuliondoka kwa nini?" na ninyi wakubwa mnatazamana, hapo ndipo majuto yanapata mizizi.

Niongeze hili kwa ufupi. Thomas Gilovich na Victoria Medvec, watafiti wa Marekani, miaka ya 1990 walionyesha kwamba watu wakitazama siku za karibuni hujutia zaidi walichokifanya, na wakitazama maisha yao yote hujutia zaidi walichoacha kufanya. Wiki za mwanzo baada ya kuhama ndizo za karibuni kuliko zote. Si wakati mzuri wa kumhamisha mtoto tena.

Nimpeleke msikilizaji Kenya kidogo. Victor Wanyama tunamfahamu wote, aliyekuwa nahodha wa Harambee Stars, aliyecheza Celtic, Southampton na Tottenham. Wengi hawakumbuki kwamba safari yake ya kwanza Ulaya haikudumu. Mwaka 2007, akiwa na miaka 16, alikwenda Helsingborg ya Sweden, alikokuwa kaka yake McDonald Mariga. Mariga akahamia Parma ya Italia. Wanyama akarudi Kenya.

Fikiria hali hiyo. Kijana ameagwa, mtaa mzima unajua yuko Ulaya, halafu siku moja anaonekana amerudi. Mwaka 2008 akapata timu nyingine, Beerschot ya Ubelgiji, akatulia huko hadi 2011 alipokwenda Celtic. Tarehe 7 Novemba 2012 akaifunga Barcelona kwa kichwa, na Celtic wakashinda 2 kwa 1. Simsimulii Wanyama ili mzazi akamwambie mwanawe kwamba naye ataifunga Barcelona. Tafadhali usimwambie hivyo, maana unamwongezea mzigo. Namsimulia kwa sababu ya kile kilichotokea katikati. Kule Helsingborg timu ilikuwa ileile, nyasi zilezile, lakini kaka yake hakuwepo tena. Mimi naamini kijana wa umri huo hachezei klabu. Anacheza na watu. Akiondoka mtu anayemfanya ajisikie yuko nyumbani, klabu inabaki majengo. Na kurudi kwake Kenya hakukumharibia kitu.

Hata wetu Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, hakuona haya kurudi. Alitoka Genk ya Ubelgiji akaenda Aston Villa Januari 2020, akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi, akahamia Fenerbahçe mwaka huohuo, na baadaye akarudi Genk kucheza kwa mkopo. Mtu mzima, nahodha wa taifa, alirudi alikowahi kupendwa, akafanya kazi.

Basi tufanye nini na mtoto wetu?

Kwanza kabisa mzazi achukue fungu lake, na alichukue kwa maneno. Mwambie: "Kuhama tuliamua sisi. Ulitusikiliza kama mtoto anavyopaswa kuwasikiliza wazazi wake. Rafiki zako hukuwatupa." Unaweza kudhani ni maneno madogo. Jaribu kuyasema uone uso wake. Wapo wazazi wanaogopa kuyasema wakidhani heshima yao itapungua. Haipungui. Mtoto anayesikia baba yake akisema "mimi ndiye niliyeharakisha" anapata ruhusa ya kusema yaliyo moyoni, na ukishayasikia ndipo utajua kama tatizo ni benchi, au nauli, au upweke, au jambo baya zaidi.

Kisha msiitukane timu ya zamani. Hili tunalifanya sana kwa nia njema. Mtoto analia, nasi tunasema "achana na ile timu ya vumbi, kule kuna nini?" Kule kuna miaka minne ya utoto wake. Ukikidharau alichokiacha, unamwambia kwamba hata uchungu wake hauna maana. Mwache aende kuwatazama. Mwache acheze chandimu na wenzake siku ambayo akademi haina mazoezi. Kama akademi inakataza mtoto wa miaka 12 kucheza na rafiki zake nyumbani kwao, kaeni na kocha mumuulize sababu. Pengine anaogopa majeraha, na hilo mnaweza kulizungumza mkaelewana.

Shule nayo ni daraja. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari hayajali mtoto anachezea timu gani mtaani. Anaitwa kwa shule yake, akifanya vizuri anaitwa kwa wilaya, kisha mkoa. Watoto walionuniana Januari wanaweza kujikuta katikati ya mwaka wamevaa jezi moja, wanalala bweni moja kambini, wanagawana sabuni. Nawasihi walimu wa michezo waliangalie hilo wanapopanga vikosi. Mwalimu anayejua kwamba hawa wawili wamekosana kwa sababu ya uhamisho anaweza kuwapanga upande mmoja wa uwanja, na kazi kubwa itafanywa na mpira wenyewe.

Kuhusu kurudi, ushauri wangu ni kungoja msimu uishe. Kuhama mara mbili ndani ya miezi mitano kunamfundisha mtoto kwamba kila pagumu dawa yake ni kuondoka, na mara nyingi kocha mpya anahitaji muda wa kumjua. Msimu ukiisha, na mtoto bado anasema anataka kurudi, mrudisheni bila maneno mengi. Mzazi aende kwanza peke yake kwa kocha wa zamani, akae naye, aseme ukweli, asidai namba kumi wala kitambaa cha unahodha.

Lakini yapo mambo yasiyongoja msimu. Mtoto anapigwa. Anachezeshwa ameumia. Anashikwashikwa au anaitwa faragha na mtu mzima. Masomo yanaporomoka kwa sababu anafika nyumbani saa tatu usiku. Au, na hili lipo sana katika mpira wetu, anatengenezewa cheti kipya cha kuzaliwa ili apunguziwe miaka. Mzazi, ukiona hivyo mtoe mtoto wiki hiyohiyo. Mtoto anayefundishwa kudanganya umri anajengewa maisha juu ya uongo ambao siku moja utapimwa. Tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009 kule Nigeria, FIFA imekuwa ikitumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kukagua umri. Katika hali kama hizo mtoto akisema anajuta kuhamia pale, anasema kweli, na anaomba msaada.

Namalizia na ninyi makocha wa mitaani. Nawaheshimu sana. Mnanunua mipira kwa fedha zenu, mnafundisha bila mshahara, halafu mtoto mliyemtoa mbali anachukuliwa na mtu aliyekuja kutazama mechi moja. Uchungu wenu ni halali. Lakini deni hilo si la mtoto. Kanuni za FIFA, tangu 2001, zinawatambua ninyi. Mchezaji wa kulipwa akiuzwa kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hizo inagawanywa kwa timu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12. Kila mwaka aliokaa nanyi kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya bei yake. Akiuzwa dola milioni moja, mwaka mmoja tu ni dola 2,500. Fedha hizo hazifiki kwenye timu ambayo haimo kwenye mfumo wa shirikisho wala kwa mchezaji asiye na kumbukumbu za usajili. Kwa hiyo sajilini timu kupitia chama cha wilaya, sajilini watoto, tunzeni kumbukumbu. Nanyi wazazi mnaohama, msiondoke kimya kimya usiku. Nendeni mumuage kocha, mhakikishe jina la timu yake limeandikwa kwenye historia ya mtoto. Huko ndiko kulipa fadhila kwa njia inayoonekana.

Na kocha, mtoto aliyekuacha Januari akipita uwanjani kwako jioni, mwite kwa jina lake la utani mbele ya wenzake, umpe bipsi acheze. Akisikia mtu akimwita msaliti, wewe ndiye mwenye sauti ya kumkataza mtu huyo. Nakuomba umkataze.